Nyuki na Ngozi ya Damu

Katika gazeti hili sisi waalimu huandika mara kwa mara habari za kilimo, za usafi, na za malezi ya watoto. Mwezi huu twataka kuandika habari ya kitu kidogo mno kisichoonekana kwa macho, nacho ni utando wa mafuta uzungukao kila chembe ya damu ya mtu. Labda mmoja wenu atauliza, “Habari hiyo yatufaa nini sisi watu wa vihamba?” Twajibu kwamba kwa sababu ya habari hiyo kutojulikana, mzee mmoja wa huku kwetu Uru alipakwa jina baya, na sisi ambao ilitupasa kusema tulinyamaza. Kwa hiyo twaandika kama watu walipao deni.

Mambo yalikuwa hivi. Msimu ule mvua zilikuwa zimenyesha vizuri, na kahawa ilikuwa imetoa maua meupe, harufu yake ikajaa vihambani kote. Karibu na shule yetu yupo mzee mmoja, ambaye sisi sote humwita Meku, mwenye mizinga ya magogo ya mringaringa aliyoitundika katika miti mirefu. Mizinga hiyo ilikuwapo kabla sisi hatujaja kufundisha mahali hapa. Siku moja jioni watoto watatu, wakirudi kwao kutoka shule, walitupia mzinga mmoja mawe. Nyuki walipotoka, watoto wawili walikimbia wakapona. Wa tatu, mtoto wa darasa la nne, alijikwaa katika mfongo akaanguka, na nyuki wakamvaa mwili mzima. Meku mwenyewe ndiye aliyetoka na blanketi na kijinga cha moshi, akamfunika mtoto, akambeba mgongoni hata barabarani, ingawa naye aliumwa sana.

Mtoto alipelekwa hospitali. Siku ya kwanza alivimba na kutapika, na hilo halikumshangaza mtu. Lakini siku ya pili mkojo wake ulikuwa mweusi kama kahawa, na daktari akawaambia wazazi ya kwamba damu ya mtoto inavunjika ndani ya mishipa, na figo zake ziko hatarini. Habari hiyo ilipopanda mlimani, watu walianza kunong’ona. Walisema, “Nani asiyewahi kuumwa na nyuki? Nani aliyeona nyuki akivunja damu ya mtu?” Wengine walikumbuka kwamba nyumba ya Meku na nyumba ya baba wa mtoto ziliwahi kugombana kwa ajili ya mpaka, ambapo masale yaliyopandwa na wazee yalikuwa yameng’olewa. Basi wakaunganisha neno kwa neno, wakasema mzee amewawekea nyuki wake dawa.

Baba wa mtoto alikuja shuleni. Hakuja kwa ghadhabu, alikuja kuuliza. Alisema, “Waalimu, ninyi mmesoma. Mimi nimeumwa na nyuki tangu utoto wangu. Nimevimba, kisha nikapona. Niambieni, je, hii ni sumu ya nyuki, au ni kitu kingine?” Nasi tukamjibu, “Baba, mambo hayo daktari ndiye ayajuaye.” Jibu hilo lilikuwa kweli, lakini tulijificha nyuma yake. Miaka mingi tumekuwa tukichora chembe ya damu ubaoni, na watoto wakinakili na kufaulu mitihani. Lakini mtu alipotuuliza kwa nini chembe hiyo yaweza kuvunjwa na mdudu, tuliona kwamba tulijua picha tu, wala hatukujua sababu. Jumapili iliyofuata Meku alikaa peke yake katika benchi kanisani. Watu walikuwa wamesogea mbali naye. Tulipoona hivyo mioyo yetu ilituchoma, tukarudi kwenye vitabu, tukamwendea na daktari kumwuliza. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Damu si maji mekundu tu. Katika tone lisilozidi kichwa cha pini, yaani milimita moja ya ujazo, mna chembe nyekundu zipatazo milioni 5. Kila moja ina umbo la kitumbua kilichobonyezwa katikati pande zote mbili, na upana wake ni kama sehemu 8 katika elfu za milimita. Kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuifikisha mwilini mwote. Katika kazi hiyo hupita katika mishipa iliyo myembamba kuliko chembe yenyewe, kwa hiyo haina budi kujikunja ipite, kisha irudie umbo lake. Hufanya hivyo mchana na usiku kwa muda wa siku zipatazo 120, ndipo huzeeka na kuondolewa.

Je, yawezaje kujikunja bila kupasuka? Tazameni gunia la mahindi. Gunia lisilojaa hukunjika vizuri begani mwa mchukuzi, lakini lililojazwa hata kukaza halikunjiki, na likiangushwa hupasuka. Chembe nyekundu ni kama gunia lisilojaa. Ngozi yake ni pana kuliko ilivyohitajiwa kufunika kilichomo ndani, kama mara moja na nusu kasoro kidogo. Ziada hiyo ya ngozi ndiyo impayo chembe uhai wake. Ikipungua, chembe hugeuka kuwa mviringo kama chungwa, na chungwa halipiti penye tundu jembamba.

Sasa tuitazame ngozi yenyewe. Imefanywa kwa nini? Kwa sehemu kubwa imefanywa kwa mafuta ya namna ya pekee, ambayo wataalamu huyaita lipidi. Unene wake ni mdogo kiasi kwamba tando 200,000 zikipangwa moja juu ya moja zitafikia kama milimita moja tu. Mtu atasema, “Kitu chembamba namna hiyo kilijulikanaje?” Kilijulikana kwa njia ambayo hata mama wa nyumbani aweza kuielewa. Tone la mafuta likianguka katika ndoo ya maji, halizami, bali huenea juu. Mmarekani mmoja aitwaye Benjamin Franklin aliandika mwaka 1774 ya kwamba alimimina mafuta kiasi cha kijiko cha chai juu ya maji ya bwawa huko Clapham, karibu na London, nayo yakaenea na kutuliza mawimbi mahali palipo karibu na nusu eka. Basi mafuta yakiachwa yaenee, hukonda hata yawe tabaka moja tu la chembechembe zake, zikisimama bega kwa bega.

Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, walitumia jambo hilo hilo kuipima ngozi ya damu. Walichukua damu ya mtu, ya mbuzi, ya kondoo, ya mbwa, na ya wanyama wengine, wakatoa mafuta ya ngozi za chembe nyekundu, wakayatandaza juu ya maji. Wakaona kwamba mafuta yalifunika mahali palipo pana mara mbili ya ngozi za chembe zile. Basi wakatambua ya kuwa ngozi ya chembe ni matabaka mawili ya mafuta, moja limelala juu ya jingine. Baadaye ilionekana kwamba vipimo vyao vilikuwa na makosa mawili, lakini kosa moja lilifuta jingine, na neno walilolisema limesimama hata leo.

Matabaka hayo mawili yamepangwaje? Lipidi nyingi za ngozi hiyo zina kichwa kimoja kipendacho maji na miguu miwili mirefu iyachukiayo maji. Kwa kuwa damu ni maji, na ndani ya chembe mna maji pia, lipidi hujipanga safu mbili: vichwa vya safu ya nje hutazama nje, vichwa vya safu ya ndani hutazama ndani, na miguu yote hukutana katikati palipo pakavu. Hakuna aliyezishona wala kuzigundisha. Hukaa pamoja kwa sababu miguu yayakimbia maji, kama watu wakimbiavyo mvua na kubanana chini ya paa moja.

Hapa ndipo lilipo neno kubwa tunalotaka kuwaambia. Lipidi zote si za umbo moja. Nyingine, kama ile iitwayo lesithini, ambayo kwanza ilijulikana kutoka katika kiini cha yai, zina kichwa kinacholingana na upana wa miguu yake, kama tofali lililonyoka. Matofali yaliyonyoka hufanya ukuta ulionyoka. Nyingine zina kichwa kidogo na miguu iliyotanuka. Nyingine tena zina kichwa kikubwa na mguu mmoja tu. Nazo hizi mbili za mwisho haziwezi kufanya ukuta ulionyoka.

Fikirini akina mama wateremkao na ndizi kwenda soko la Kiboriloni, kila mmoja na tenga lake kichwani. Waambieni wasimame katika mstari mmoja, matenga yagusane na miguu iguse miguu ya jirani. Hawataweza kusimama wima, kwa maana matenga ni mapana na miguu ni myembamba. Hawana budi kuinama nje nje, mstari ujipinde kama upinde, matenga yakiwa upande wa nje na miguu upande wa ndani. Hakuna aliyewaamuru kufanya duara. Umbo la kila mmoja limeufanya mstari kujipinda. Kinyume chake, wangekuwa na vichwa vitupu na miguu iliyotanuliwa sana, mstari ungepinda upande wa pili. Hivyo ndivyo lipidi zifanyavyo. Umbo la moja moja, lisilopimika kwa jicho, ndilo lisaidialo kuamua umbo la ngozi nzima.

Hata miguu yenyewe hutofautiana. Wengi wenu mmenunua mafuta ya nazi yaliyoletwa kutoka Tanga. Huko pwani huwa maji maji katika chupa, lakini hapa mlimani, asubuhi za mwezi wa saba, huganda yakawa meupe kama mshumaa, kwa sababu huanza kuganda hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mafuta ya alizeti yaliyo kando yake katika rafu ile ile hayagandi. Sababu ni kwamba miguu ya mafuta ya nazi mingi imenyoka, nayo hupangika vizuri kama kuni zilizonyoka katika mzigo. Miguu ya mafuta ya alizeti mingi ina kipindi katikati, na kuni zilizopinda hazifungiki kukaza. Katika ngozi ya chembe hai miguu ya namna zote mbili imechanganywa. Ingekuwa yote imenyoka, ngozi ingekuwa ngumu mno. Ingekuwa yote imepinda, ingelegea mno. Na hapo katikati imetiwa kolesteroli, ambayo watu wengi huijua kwa ubaya wake tu. Kumbe bila hiyo ngozi ya damu haiwezi kuwa imara.

Tena safu ya nje na safu ya ndani hazifanani. Lesithini ni nyingi zaidi katika safu ya nje, na zile zenye kichwa kidogo ni nyingi zaidi katika safu ya ndani. Chembe hutumia nguvu zake kila siku kuzirudisha mahali pake zile zilizovuka kwenda upande usio wao. Mwaka 1974 wataalamu wawili wa Marekani, Sheetz na Singer, walieleza kwa nini tofauti hiyo ina nguvu. Matabaka mawili yameshikamana, kwa hiyo moja likipanuka kidogo kuliko mwenzake, ngozi nzima hujipinda. Ninyi mmeliona jambo hilo katika ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani bila kuwambwa: upande mmoja hukauka na kunywea kabla ya mwingine, na ngozi yote ikajikunja. Katika damu, safu ya ndani ikipanuka, chembe huwa kama bakuli. Safu ya nje ikipanuka, chembe hutoa miiba pande zote ikafanana na nungunungu aliyeshtuka. Na kwa kuwa ngozi ni nyembamba mno ikilinganishwa na upana wa chembe, nyongeza ndogo sana ya upande mmoja yatosha kuleta mageuzi hayo. Lakini tusiseme kwamba mafuta peke yake ndiyo yashikayo umbo. Chini ya ngozi hiyo umetandazwa wavu wa protini iitwayo spektrini, uishikao chembe kama kamba zinavyoshika mzigo wa majani. Umbo la chembe latokana na mapatano ya wavu na mafuta.

Sasa turudi kwa nyuki. Katika sumu yake mna vitu vingi, na viwili kati yake vyahusu habari yetu. Cha kwanza huitwa melitini, nacho ni karibu nusu ya sumu ikiisha kukaushwa. Melitini hujichomeka katika ngozi ya chembe na kuipekecha. Cha pili huitwa fosfolipesi, nacho ni kama sehemu 10 hadi 12 katika 100. Hicho ni kama mundu. Huishika lesithini na kuikata mguu mmoja. Kikiwa peke yake hakiipati vizuri ngozi ya damu iliyo nzima, lakini melitini ikiisha kuipekecha, mundu hupata njia. Basi lesithini iliyokuwa kama tofali lililonyoka huachwa na mguu mmoja chini ya kichwa kile kile kikubwa. Imekuwa kama yule mama mwenye tenga. Nazo ziko katika safu ya nje.

Ninyi wenyewe sasa mwaweza kusema yatakayofuata. Ngozi hujipinda kuelekea nje, chembe hutoa miiba. Ncha za miiba hukatika na kupotea pamoja na vipande vya ngozi. Ile ziada ya ngozi tuliyoisifu huisha, na chembe huwa mviringo kama gunia lililojaa. Kisha hupasuka, na rangi nyekundu iliyomo ndani humwagika katika maji ya damu, huenda mpaka kwenye figo, na mkojo huwa mweusi. Lipidi hiyo yenye mguu mmoja huitwa lisolesithini, nalo jina hilo latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kulegeza au kufungua. Ilijulikana mwanzoni mwa karne ya 20 na watu waliokuwa wakichunguza sumu ya nyoka, nao Delezenne na Fourneau wa Ufaransa waliieleza mwaka 1914. Maana mundu wa namna hiyo umo pia katika sumu ya swila, nyoka atemaye mate, ambaye wachungaji wa tambarare wamjua sana.

Lakini swali la yule baba lilikuwa hili: mbona yeye aliumwa mara nyingi wala damu yake haikuvunjika? Jibu lake ndilo lililotufurahisha kuliko yote. Katika maji ya damu mna protini iitwayo albumini. Kazi yake mojawapo ni kuzizoa lipidi hizo zenye mguu mmoja na kuziondoa katika ngozi ya chembe. Wataalamu wametia lisolesithini kidogo katika damu iliyo ndani ya chupa, wakaona chembe zikitoa miiba. Kisha wakatia albumini, na miiba ikarudi ndani, chembe zikawa vitumbua kama kwanza. Hivyo mtu akiumwa na nyuki wachache, mwili huyasafisha maovu kabla hayajaonekana. Lakini nyuki wakiwa wengi mno, na mwili ukiwa mdogo kama wa mtoto, mundu huwashinda wasafishaji. Nyuki wale wale, sumu ile ile, bila dawa ya mtu yeyote.

Tulipokwisha kufahamu hivyo, tuliita mkutano wa wazazi shuleni. Hatukuchora ubaoni. Tuliwaomba akina mama kumi wasimame uwanjani na matenga yao, kisha tukawaambia wasogeze miguu igusane. Mstari ulipojipinda, watu walicheka, na mama mmoja karibu angemwaga ndizi zake. Ndipo tukaeleza maneno yote tuliyoyaandika hapa, toka gunia la mahindi hata mundu wa nyuki. Tena tukasema mbele ya wote, “Neno hili ilitupasa kulisema siku ile baba huyu alipotuuliza. Hatukulisema, na kwa ukimya wetu Meku ameteswa. Twaomba radhi kwake, na kwa baba huyu, na kwenu nyote.”

Baba wa mtoto alikuwa amekaa nyuma. Hakusema neno, aliondoka. Twakiri kwamba tulidhani amechukizwa. Lakini jioni ile alionekana njiani akienda kwa Meku, na mkononi alikuwa na jani la sale. Ninyi wa mlimani mwajua maana yake. Mtu ajaye na sale hakatazwi mlango, wala aombaye msamaha kwa sale hanyimwi. Alisema, “Meku, nimekukosea. Wewe ulimbeba mwanangu mgongoni, nami nikawaacha watu wakutaje vibaya.” Mzee akalipokea jani, akajibu, “Mwanangu, kaa kitako. Mtoto aendeleaje?” Basi. Hakuuliza jambo jingine.

Mtoto alikaa hospitali majuma mawili. Alitiwa maji kwa mshipa ili figo zake zisafike, na Mungu akamjalia akapona. Amerudi shuleni, naye ndiye awakanyaye wenzake wasitupe mawe. Mizinga ya Meku ingali ipo, lakini vijana wa jumuiya walimsaidia kuihamisha mbali na njia ya shule, na baba wa mtoto alishika kamba pamoja nao. Masale ya mpakani nayo yamepandwa upya.

Kabla hatujamaliza, yapasa tuseme machache ya kuwafaa katika nyumba zenu. Kwanza, nyuki akimchoma mtu huacha mwiba pamoja na kifuko cha sumu, nacho huendelea kusukuma sumu ndani. Sehemu kubwa ya sumu huisha kuingia katika nusu dakika ya kwanza. Kwa hiyo uondoeni mwiba upesi, kwa ukucha au kwa vyovyote viwavyo. Msipoteze wakati kutafuta kisu au wembe. Pili, mwiba hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, nayo ni mwito kwa nyuki wengine waje kuchoma. Basi aliyechomwa asisimame kupigana nao. Akimbie mbali, afunike uso, aingie nyumbani. Tatu, mtu ashindwaye kupumua, au avimbaye midomo na ulimi, au azimiaye, apelekwe hospitali mara hiyo, hata kama ameumwa na nyuki mmoja tu. Maana wako watu ambao mwili wao huchukizwa na sumu hiyo kupita kiasi. Nne, mtu aliyeumwa na nyuki wengi apelekwe hata akijisikia vema, nao mkojo wake utazamwe, kwa sababu damu na figo zaweza kudhurika saa nyingi baadaye.

Wasomaji wetu, sisi waalimu tumejifunza mambo mawili. La kwanza ni la ngozi ya damu: kitu kidogo kisichoonekana, kikipungukiwa mguu mmoja, chaweza kugeuza umbo la chembe nzima, na chembe zikigeuka, mtoto hulala kitandani. Lakini katika mwili huo huo wamewekwa watengenezaji wa kuirudisha chembe katika umbo lake, mradi wasicheleweshwe. La pili ni la kwetu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku ile baba alipokuja na swali lake, ufa ulikuwa mdogo, na maneno machache ya kweli yangaliuziba. Tuliuacha juma zima, ikawa kazi ya kijiji kizima kujenga.

Tangu siku hiyo tumepatana kwamba mzazi akija na swali tusilolijua, hatutamwambia tu kwamba daktari ndiye ajuaye. Tutamwambia, “Hatujui, lakini tutatafuta, nawe urudi Ijumaa.” Na Ijumaa ikifika, tutakuwapo.